Serikali mpya ikiingia, acheni hotuba za Mei Mosi, tazameni makato ya ada

#1 Katibu Tawi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila uchaguzi ukikaribia wanachama wananiuliza swali lilelile: "Katibu, hawa wakishika nchi tutapona?" Nimekuwa katibu wa tawi miaka kumi na moja, na kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu hovyo. Nilikuwa naangalia nani kapanda jukwaani Mei Mosi, nani kavaa fulana yetu, nani kalitaja neno "mfanyakazi" mara nyingi kuliko wenzake. Siku hizi naangalia vitu vitatu ambavyo havipigiwi makofi na mtu: nani anakata ada, nani anashika daftari la usajili, na kura ya mgomo inahesabiwaje. Hicho cha kwanza ndicho kilichonifumbua macho.

Mwezi mmoja, wakubwa wa juu walikuwa wamebadilika karibuni, nilifungua hati yangu ya mshahara nikaona kilichobaki mkononi kimeongezeka kidogo. Nikafurahi. Halafu nikahesabu mistari ya makato, mmoja haupo. Ada ya chama. Nikapiga simu matawi jirani, nao vilevile. Nikashuka kwa mhasibu wa mishahara, ambaye naye ni mwanachama wetu, akanionyesha barua ya ukurasa mmoja: makato ya vyama yasimame kupisha uhakiki wa fomu za uanachama. Uhakiki utakwisha lini, barua haikusema.

Chama hakikupigwa marufuku. Hakuna kiongozi aliyekamatwa. Ndiyo kwanza wanachama wanashangilia, na wawili walinipigia kunishukuru wakidhani tumewapatia nyongeza. Lakini tulikuwa na shauri la wenzetu wawili waliofukuzwa kazi, na tarehe ilipofika hatukuwa na wakili wa kusimama. Likaahirishwa. Likaahirishwa tena. Katikati ya hayo kiongozi mmoja alikuja kwenye mkutano wetu akatuita wadau wakubwa wa maendeleo, nasi tukapiga makofi, mimi nikiwemo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma ya wenzetu. Nilichokuta ni kwamba njia hii ina wenyewe.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kuwapa watumishi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kwa sheria, mwaka 1959. Mwaka 2011 akaingia Gavana Scott Walker, akapitisha sheria iitwayo Act 10. Haikufuta chama hata kimoja. Ilisema: mtajadili mshahara wa msingi tu, tena usipite mfumuko wa bei, mwajiri haruhusiwi tena kuwakatia ada, na kila mwaka lazima mpigiwe kura upya kuthibitisha kwamba bado mnawawakilisha watu, kwa asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa kitengo, siyo ya waliojitokeza. Asiyekuja kupiga kura anahesabiwa kama amewakataa. Polisi na zimamoto wakaachwa nje ya sheria hiyo. Fikirieni wenyewe kwa nini.

Brazili ni kisa kingine. Tangu enzi za Getúlio Vargas, kwenye sheria za kazi zilizokusanywa mwaka 1943, kila mfanyakazi mwenye ajira rasmi alikatwa mshahara wa siku moja kwa mwaka kugharamia vyama, awe mwanachama au asiwe. Mwaka 2017 serikali ya Michel Temer ikabadilisha sentensi tu: makato yawe kwa ridhaa ya mfanyakazi mwenyewe. Ndani ya miaka miwili zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mapato hayo zilikuwa zimeyeyuka.

Sasa naomba michango. Nani ana mfano wa serikali iliyobadilika chama kikabaki kimesimama kwa miguu yake?

#2 Mvuja Jasho

Katibu, kabla hatujaenda Brazili. Kama watu walipopewa hiari waliondoka tisa kati ya kumi, basi tatizo lilikuwa Temer au lilikuwa vyama? Mimi nakatwa asilimia mbili kila mwezi na katibu wangu sijawahi kumwona ana kwa ana. Samahani kama nakugusa.

#3 Msomaji wa Kanuni

Mvuja Jasho umeuliza la msingi, lakini kwanza nijibu alilouliza mwanzisha uzi kwa historia ya hapa hapa Afrika Mashariki, maana watu wanasema "serikali ikibadilika" wakidhani lazima chama tawala kibadilike. Kwetu Tanzania chama tawala ni kilekile na sera ya kazi imegeuka kama mara nne.

TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, ilianzishwa 1955, katibu mkuu wake wa kwanza Rashidi Kawawa. Vyama vile vilikuwa na meno na viligoma kweli, na TANU ilivihitaji. Uhuru ukaja Desemba 1961. Januari 1962 Nyerere akang'atuka uwaziri mkuu, akaingia Kawawa. Na ni katika mwaka huohuo wa 1962 ambapo zilipitishwa sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani: mgogoro sharti upite kwenye usuluhishi, kisha kwenye uamuzi wa lazima, na watumishi wa serikali wakawekewa utaratibu wao wa pembeni. Kwa hiyo mtu aliyeongoza wagomaji ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza la mawaziri. Simlaumu wala simsifu, naeleza tu kwamba kiti kinambadilisha mtu kuliko mtu anavyokibadilisha kiti.

Kasanga Tumbo wa chama cha reli hakukubali. Akapelekwa London kuwa balozi, akaacha ubalozi akarudi kuanzisha chama cha upinzani. 

Januari 1964 jeshi likaasi. Baadhi ya viongozi wa vyama wakashukiwa kuwa na mkono humo, wengi wakakamatwa. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, TFL ikafa. Hapa Katibu Tawi utapenda: NUTA haikunyimwa ada, ilipewa! Makato yakawa ya uhakika kuliko wakati wowote. Ila katibu mkuu aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa waziri wa kazi. Yaani ukiwa na malalamiko dhidi ya wizara unampelekea katibu mkuu wako, naye anavuka ukumbi anaketi kwenye kiti cha waziri anajipokelea barua yake.

Kwa hiyo kanuni yako ya makato inahitaji nyongeza. Serikali inayokunyima ada inakuua kwa njaa, na inayokukusanyia ada yote inaweza kukuua kwa shibe.

Ushahidi ni 1971. TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kikawakataza viongozi kiburi na uonevu. Wafanyakazi wakakishika kifungu hicho kama silaha. Miaka miwili iliyofuata viwanda vikaona migomo na wakubwa wakifungiwa milango, hadi 1973 kiwandani Mount Carmel Rubber wafanyakazi wakaendesha kiwanda wenyewe. NUTA, yenye ada zote zile, haikuwa mbele ya harakati hizo. Watu walijiongoza.

Mengine kwa kifupi: 1978 ikawa JUWATA, jumuiya ya chama tawala, 1991 OTTU, sheria ya vyama ya 1998 ikafungua mlango, TUCTA ikaundwa 2001, halafu sheria mbili za 2004, namba 6 na namba 7, ambazo ndizo zinatuongoza mpaka leo. Kenya nao 1965 serikali ya Kenyatta iliviunganisha vyama vilivyokuwa vikigombana chini ya COTU, na katibu mkuu akawa anateuliwa na Rais kutoka majina yaliyopendekezwa. Mshono ni mmoja.

#4 Kijana wa Zamu

"Anajipokelea barua yake" 😂😂 Msomaji umenimaliza.

#5 Afisa Utumishi

Salamu wote. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, najua humu hatupendwi, lakini nisikilizeni. Kitu kinachotusumbua sisi waajiri mara nyingi siyo sheria kali au sheria laini. Ni sheria inayogeuzwa kila serikali ikiingia. Unamaliza kuwafundisha mameneja utaratibu wa kupokea notisi ya mgomo, kesho kutwa utaratibu mwingine.

Uingereza ndiyo mfano wa shuleni. Baada ya mgomo mkuu wa 1926, Wahafidhina walipitisha sheria ya 1927: hakuna migomo ya kuungana mkono, na mchango wa kisiasa wa mwanachama uwe kwa kujiandikisha, siyo kwa kujiondoa. Serikali ya Attlee wa chama cha Labour ikaifuta 1946. Heath wa Wahafidhina akaja na sheria yake ya 1971 na mahakama maalumu ya mahusiano ya viwandani. Wafanyakazi watano wa bandari wakafungwa gereza la Pentonville Julai 1972, nchi ikataka kusimama, wakaachiwa ndani ya siku chache. Sheria ikafutwa 1974.

Jambo ambalo wengi hawalijui: sheria ile ya Heath ilitaka mikataba ya hali bora iwe na nguvu mahakamani isipokuwa pale pande mbili zitakapoandika kinyume. Waajiri na vyama wakafanyaje? Wakaandika kinyume! Karibu kila mkataba uliwekewa sentensi kwamba haushitakiwi mahakamani. Waajiri wenyewe, ambao sheria ilitungwa kwa jina lao, walikubaliana na vyama kuikwepa, kwa sababu serikali huja na kuondoka, lakini mimi na katibu wa tawi tutakutana Jumatatu asubuhi.

Thatcher, Mhafidhina mwenzake, alijifunza kwa Heath. Hakuleta sheria moja kubwa. Alileta kidogo kidogo, 1980, 1982, 1984, 1988, 1990. Kila moja ndogo kiasi kwamba kuigomea unaonekana mkorofi. Nani atapinga kura ya siri kabla ya mgomo? Blair wa Labour alipoingia 1997 aliwarudishia watumishi wa GCHQ, idara ya ujasusi wa mawasiliano, haki ya kuwa na chama, haki waliyonyang'anywa 1984. Akaleta kima cha chini cha mshahara cha kitaifa 1999 na utaratibu wa kutambuliwa kwa vyama kisheria. Lakini zile za Thatcher karibu zote aliziacha palepale. Kwa hiyo sheria inayopita kimyakimya huwa ngumu kuing'oa kuliko ile ya vishindo.

Kuhusu kura aliyoitaja Katibu Tawi. Sheria ya 2016 ya serikali ya Cameron ilisema angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura washiriki, na kwenye huduma muhimu za umma waliosema ndiyo wawe angalau asilimia 40 ya wote. Chukua tawi la watu 1,000. Wakipiga kura 499, wote wakisema ndiyo, mgomo haramu. Wakipiga 500 na 251 wakasema ndiyo, mgomo halali. Maana yake wewe usiyetaka mgomo ukienda kupiga kura ya hapana unaweza kuwa ndiye uliyeuhalalisha! Kwenye huduma muhimu sasa, wakipiga 500, lazima 400 waseme ndiyo. Na kura yenyewe kwa posta. Mimi ni mwajiri nakiri hiyo hesabu ilikuwa na mkono wa mtu.

Ikaja ya 2023, serikali ya Sunak: kiwango cha chini cha huduma siku ya mgomo, mwajiri anamtumia mfanyakazi hati kwamba leo wewe unakuja. Hakuna mwajiri hata mmoja aliyewahi kutoa hati hizo. Mmoja wa reli alionyesha dalili Januari 2024, chama kikaongeza siku za kugoma, akarudi nyuma. Serikali ya Starmer imeifuta pamoja na sehemu kubwa ya ile ya 2016 kupitia sheria iliyopita Desemba 2025. Na wapinzani wao nao wanasubiri zamu.

#6 Mvuja Jasho

Afisa, leo umeongea kama mtu. Hiyo ya Jumatatu asubuhi nimeichukua.

Lakini mbona kila mfano ni serikali adui? Nipeni serikali rafiki. Tuliambiwa mwenzetu akiingia ikulu mambo yatanyooka.

#7 Bibi Mzani

Mwanangu Mvuja Jasho, wenzetu wameingia ikulu wengi tu. Mimi nimestaafu, nilikuwa kwenye kamati ya wanawake ya chama chetu miaka mingi, nimewaona wakipanda. Ngoja nikupe watatu, uwapime mwenyewe.

Frederick Chiluba wa Zambia. Mwenyekiti wa shirikisho la vyama tangu 1974. Kaunda akamweka kizuizini 1981 bila kesi. Mwaka 1991 akamshinda Kaunda kwenye uchaguzi, na migodi yote ikaimba. Miaka miwili baadaye, sheria ya 1993 ya serikali yake ikaondoa utaratibu wa sekta moja chama kimoja, ule uliokuwa umelipa shirikisho lake nguvu. Pamoja na hiyo ukaja ubinafsishaji na kupunguzwa kazi. Wanachama walipungua chini ya mwenzao kuliko chini ya aliyewafunga.

Lech Wałęsa wa Poland. Fundi umeme wa bandari ya kutengenezea meli Gdańsk, Agosti 1980. Chama chao, Solidarność, kilifikia wanachama kama milioni kumi. Desemba 1981 hali ya hatari, Oktoba 1982 kikafutwa kabisa, kikaishi kwenye mashine za kuchapia za kificho mpaka Aprili 1989 kiliporuhusiwa tena. Serikali iliyotokana nacho ndiyo iliyoleta mageuzi makali ya uchumi ya Januari 1990, viwanda vikafungwa, vikiwemo vilivyojaa wanachama. Sasa sikiliza kituko: Mei 1993 wabunge wa Solidarność wakaleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali iliyotoka ubavuni mwao wenyewe, ikapita kwa kura moja. Ukaitishwa uchaguzi Septemba. Chama chenyewe hakikufika hata asilimia tano, kikatupwa nje ya Bunge, na walioshinda ni warithi wa wale wakomunisti waliokifuta.

Na Lula. Kiongozi wa wafanyakazi wa vyuma, akagombea urais akashindwa mara tatu, akaingia 2003. Kumbuka yale makato ya siku moja aliyosimulia Katibu Tawi. Enzi za ujana wao kina Lula waliyapinga, wakisema yanafuga vyama vya mfukoni. Lakini serikali yake haikuyafuta. 2008 ikatanua, mashirikisho makubwa nayo yakapata fungu. Alipokuja Temer kuyakata, aliyakata kwa urahisi kwa sababu hapakuwa na mfanyakazi wa kawaida aliyeona amenyang'anywa chake. Hapo ndipo ninapokubaliana na swali lako la kwanza, mwanangu. Adui alikata kamba ambayo rafiki hakutaka kuifungua akiwa na nafasi.

Sijamtaja Ramaphosa wa Afrika Kusini. Katibu mkuu wa kwanza wa chama cha wachimba migodi, NUM, 1982. Na Agosti 16, 2012, polisi walipoua wachimba migodi 34 Marikana, alikuwa mkurugenzi kwenye bodi ya kampuni ya mgodi huo, Lonmin. Nina mengi moyoni juu ya siku ile, tuyaache.

#8 Kijana wa Zamu

Bibi shikamoo. Naongeza kimoja, maana nacho kinachekesha kwa uchungu.

Mwaka 1980 chama cha waongoza ndege wa Marekani, PATCO, kilimuunga mkono Ronald Reagan. Siyo kwa kubahatisha: alimwandikia rais wa chama barua ya kuahidi ushirikiano. Tena Reagan mwenyewe aliwahi kuwa rais wa chama cha waigizaji wa filamu, akaongoza mgomo 1960. Mwenzetu kabisa!

Agosti 3, 1981 waongoza ndege kama 13,000 wakagoma. Akawapa saa 48. Agosti 5 akafukuza zaidi ya 11,000, na wakapigwa marufuku kuajiriwa tena kwenye kazi hiyo. Marufuku iliondolewa na Clinton 1993, miaka kumi na miwili baadaye. Mtu aliyefukuzwa ana miaka 30 alikuwa ameshafika 42.

Na kwa Katibu Tawi kuhusu makato: Machi 2025 Trump alisaini amri ya kuziondolea idara nyingi za serikali kuu haki ya kujadiliana na vyama, kwa hoja ya usalama wa taifa. Idara zikaacha kukata ada. AFGE, chama kikubwa kuliko vyote vya watumishi wa serikali kuu, kikatangaza kupunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Chama cha kutetea watu wasipunguzwe kazi kinapunguza watu wake! Barua yako ya ukurasa mmoja, mkuu, na ile amri ni ndugu.

Kingine, haki yenyewe ya watumishi wale kujadiliana ilianzia kwenye amri ya Kennedy ya Januari 1962. Iliwekwa baadaye kwenye sheria 1978, lakini sheria hiyo ikamwachia rais mlango wa kutoa idara nje kwa sababu za usalama. Mlango ulikuwepo muda wote, umerudishiwa tu.

#9 Msomaji wa Kanuni

Kijana, hapo kwenye mlango uliorudishiwa ndipo penye kazi. Hata kwetu ukisoma sheria ya 2004, mgomo ni haki, notisi kwa mwajiri ni saa 48 tu baada ya kura. Halafu unageuza kurasa unakutana na orodha ya huduma muhimu, na ngazi za usuluhishi zinazotangulia. Haki iko mlango wa mbele, masharti yako uani.

Ila nisiwaache mkidhani serikali huwa hazilipi gharama. Australia, 1929, Waziri Mkuu Stanley Bruce alitaka serikali kuu ijitoe kwenye mfumo wa usuluhishi wa lazima. Akaenda kwenye uchaguzi na hoja hiyo. Akapoteza serikali na jimbo lake mwenyewe. Ilichukua miaka 78 waziri mkuu mwingine aliye madarakani kupoteza jimbo lake nchini humo: John Howard, 2007, baada ya WorkChoices, sheria iliyoanza kazi Machi 2006 na kuwapa waajiri mikataba ya mtu mmoja mmoja badala ya ya pamoja, na kuziondolea kampuni zenye watu wasiozidi 100 kesi za kufukuza isivyo haki. Vyama havikugoma sana. Vilifanya kampeni ya mtaa kwa mtaa kwenye majimbo yenye ushindani. Serikali ya Labor ikaja na sheria mpya 2009.

Ghana nao. Septemba 1971 serikali ya Busia ililifuta shirikisho la TUC kwa sheria iliyopitishwa kwa haraka. Januari 1972 jeshi likapindua serikali, na Acheampong akalirudisha shirikisho. Sisemi mapinduzi yalifanywa kwa ajili ya vyama, uchumi ulikuwa umeshatikisika na sarafu imeshushwa thamani. Nasema Busia alipowahitaji watu wa kumlilia, hawakuwepo.

#10 Afisa Utumishi

New Zealand inafaa hapa pia. 1894 walikuwa wa kwanza kuweka usuluhishi wa lazima kitaifa. 1991 serikali ya chama cha National ikaja na sheria ya mikataba ya ajira ambayo haikutaja hata neno chama cha wafanyakazi, wala kukipa haki ya pekee ya kuwakilisha, vyama vikaporomoka. 2000 Labour ikairudisha mezani. Idadi ya wanachama haikurudi ilikokuwa. Mwaka 2022 Labour ikapitisha sheria ya makubaliano ya haki ya malipo kwa sekta nzima, ikaanza Desemba mosi. Desemba 2023 serikali mpya ikaifuta kwa hati ya dharura. Mwaka mmoja! Hakuna sekta hata moja iliyofikia kusaini makubaliano chini yake.

Kubomoa ni wiki mbili, kujenga ni miaka kumi. Ndiyo maana nawaambieni hata sisi waajiri hatupendi mwendo huu, ingawa najua wenzangu wengine wataninunia.

#11 Katibu Tawi

Nimesoma yote, nashukuru sana. Bibi Mzani, shikamoo, umenikaba kwa Lula. Nilileta Brazili kama mfano wa kuonewa, sasa naiona kama kioo.

Mvuja Jasho, sikugusika, au niseme niligusika lakini haki yako. Nikuambie tulivyotoka kwenye ile miezi ya uhakiki, maana uliuliza tatizo ni serikali au ni vyama.

Mwezi wa pili bila ada tulinunua daftari la jalada gumu. Mimi na mweka hazina tukaanza kuzunguka vitengo, mmoja mmoja, saa za kubadilishana zamu. Nilikuwa sijazunguka hivyo tangu kampeni za kuchaguliwa. Kitengo cha kwanza watu kumi na tisa, wakalipa wanne. Mmoja akaniuliza wewe ndiye nani. Nimekuwa katibu wake miaka sita! Mwingine alitaka kujua shauri lake la likizo lilifikia wapi, shauri ambalo mimi nililiona limekwisha kwa sababu barua ilijibiwa, yeye hakuwahi kuambiwa jibu.

Aliyekuwa wa kwanza kulipa kwa hiari bila kufuatwa ni yule mhasibu wa mishahara, yeye mwenye kutekeleza barua. Alikuja jioni akaandika jina lake mwenyewe, akasema mwandiko wangu hausomeki.

Makato yaliporudi, kwa barua nyingine ya ukurasa mmoja isiyo na maelezo, tulikuwa na waliolipa mkononi pungufu ya nusu ya orodha ya zamani. Kamati ikataka tulitupe lile daftari, kazi imekwisha. Tukabishana, mpaka leo tunazunguka nalo mara moja kila miezi mitatu, kwa mchango mdogo wa hiari juu ya ada. Unaingia akaunti tofauti, ya mawakili tu. Ile kesi ya wenzetu wawili ilisikilizwa kwa fedha hizo. Mmoja alirudishwa kazini. Mwingine alikuwa ameshachoka, akakubali kulipwa akaondoka.

#12 Mvuja Jasho

Sawa Katibu. Nimempigia wa kwangu leo mchana. Hajapokea, ila nimempigia.

#13 Kijana wa Zamu

Mkuu, hilo daftari lina safu ngapi? Nataka kuanzisha letu.

#14 Katibu Tawi

Zilikuwa nne: jina, kitengo, mwezi, sahihi. Ya tano tuliichora kwa rula baadaye, inaitwa "sababu ya kutolipa". Iache pana, watu wana maneno.